Waranti Iliyotafuta Gari

Simu zilianza kumwandama mwandishi wa makala haya wakati hana hata baiskeli. Alikuwa mgeni Columbus, Ohio, akienda kazini kwa basi, na kila mara sauti ya mashine ilimpigia kumwarifu, kwa huruma nyingi, kwamba waranti ya gari lake inakaribia kwisha. Gari lipi?

Kumbe hakuwa peke yake. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuja kubaini kwamba genge moja tu lilipiga simu za namna hiyo zaidi ya bilioni 5 katika miezi mitatu ya mwaka 2021, kwa namba zaidi ya milioni 500. Julai 2022 kampuni za simu ziliamriwa kuzizuia, na mwaka uliofuata wahusika wakatozwa faini ya dola 299,997,000. Waliokuwa wakiamshwa na simu hizo baada ya zamu ya usiku watakwambia ni ndogo.

Basi alipopata gari kweli, Corolla iliyotumika miaka miwili, simu zilikuwa zimenyamaza. Waranti ilikuwa inamngoja kwa muuzaji.

Ofisi ya mikopo huwa kituo cha mwisho, na si kwa bahati mbaya. Mteja huingizwa humo akiwa ameshajaribu gari, ameshabishania bei, ameshasubiri benki ijibu, na njaa inamuuma. Kijana mpole alianza kutaja sensa, kamera, AC na giaboksi, taratibu kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Kisha akaleta tiba: mkataba wa dola 2,400, uingizwe kwenye mkopo, "kama dola 40 tu kwa mwezi." Riba hakuitaja.

Mke wa mwandishi aliichukua karatasi na kuanza kuisoma kutoka mwisho, kwenye herufi ndogo, mahali palipoorodheshwa visivyolipiwa: brekipedi, waipa, matairi, betri, balbu, kutu.

"Baba watoto," alisema kwa Kiswahili, "hivi ndivyo vinavyoharibika. Wanachotulipia ni kile kisichoharibika."

Kijana akatabasamu, akidhani amesifiwa.

Mama alitia chumvi, lakini si sana. Jarida la Consumer Reports liliwauliza wasomaji wake mwaka 2013, na asilimia 55 ya walionunua mikataba hiyo hawakuwahi kuitumia kwa matengenezo hata mara moja. Tena Corolla yenyewe ilikuwa bado na waranti ya kiwandani: Toyota Marekani hutoa miaka 3 au maili 36,000 kwa sehemu nyingi za gari, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi. Ulinzi huo hulifuata gari hata likibadili mwenyewe. Kulipia tena kipindi hicho hicho ni kumwajiri mlinzi wa pili alinde mlango ambao wa kwanza bado anaulinda.

Wapo ambao mkataba wa ziada unawafaa, hasa mwenye gari la kifahari lililomaliza waranti na asiye na akiba. Ila anayebeba abiria kwa Uber asome kwanza kifungu cha matumizi ya biashara. Mikataba mingi humtupa nje hapo hapo.

Kijana alikuwa na mshale mmoja zaidi: ukibadili oili kwa fundi wa mtaani, waranti ya kiwanda inakufa. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inakataza kitisho hicho. Mtengenezaji hawezi kukunyima waranti kwa sababu tu ulihudumiwa kwingine, mradi utunze risiti. Wakaondoka bila kusaini.

Majira ya baridi yalipoingia, gari likagoma kuwaka. Fundi alifungua boneti akakuta kindi amejenga kiota juu ya injini na kutafuna nyaya. Mwandishi alikimbilia nakala ya ule mkataba alioukataa, moyo ukimdunda. Uharibifu wa wanyama: haulipiwi.

Aliyelipa ni bima kubwa, ile aliyokuwa akiinung'unikia kila mwezi na ambayo benki ilimlazimisha kuwa nayo. Alikatwa dola 500 za kwanza, na mtu wa bima akamuuliza kwenye simu, bila mzaha, kama mnyama huyo ni wa kwake.

"Mwambie ni mpangaji," mkewe akadakia kutoka jikoni.