Mshauri Ajibu: Hema, Masika na Sikio la Bwana Speke

Mkoba wa barua umemfikia Mshauri ukiwa umelowa chapachapa, ishara kwamba wasomaji wa Tabora wameanza tena ule wazimu wao wa kupanda treni kwenda Kigoma kupiga hema ufukweni katikati ya masika. Malalamiko ni yaleyale: mvua, upepo, wadudu, na shemeji aliyeahidi kuja na turubai akaja na mwamvuli. Mshauri, ambaye tangu stesheni ya Tabora hadi soko la Ujiji hajatokea mtu wa kumshinda kukaza kamba ya hema (walioshindana naye wamekataa kuhojiwa), atajibu kuanzia tatizo kubwa hadi dogo. Ukubwa anaupima yeye.

Baba mmoja wa Ipuli anauliza: mkewe hataki kulala hemani kwa kuhofia wadudu. Amshawishi vipi?

Asimshawishi. Mama huyo ana akili kuliko mabwana wawili waliotumwa huku na Royal Geographical Society ya London.

Lakini kwa mdudu hakufikiki bila kupita njia, na njia ni mali ya Mshauri. Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, yaani Tabora yetu hii, Novemba 1857, wakapokewa na wafanyabiashara Waarabu, wakala, wakaugua, wakapona nusunusu, wakaondoka. Mizigo yao, kama ya misafara mingi, ilikwenda zaidi kwa nguvu za watu, na katika njia hii wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi: frasila mbili kwa mtu, karibu kilo 32, juani, kirangozi akitangulia. Kila nyumba ya Tabora ina babu aliyekuwa kirangozi. Wa Mshauri alikuwa kirangozi wa virangozi, na kipaji hicho hakikupotea ardhini. Mwenye shaka amtazame Mshauri anavyoongoza foleni ya pilau harusini.

Februari 1858 mabwana hao wakafika Ziwa Tanganyika. Burton hawezi kutembea, Speke haoni kwa maradhi ya macho, hata ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 akaliona kama ukungu. Mwezi uliofuata Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kuomba jahazi kwa mfanyabiashara mmoja upande wa pili. Usiku mmoja, kisiwani, tufani ikalitikisa hema lake kana kwamba linadaiwa. Ilipotulia akawasha mshumaa ili apange vitu vyake. Hapo ndipo alipokosea. Mbawakawa wadogo weusi wakamiminika ndani kufuata mwanga. Akawafukuza mpaka akachoka, akalala nao, na mmoja akaingia sikioni akaanza kuchimba. Alitafuta mafuta, hakuna, tumbaku, hakuna, chumvi, hakuna. Akamimina siagi iliyoyeyushwa. Mdudu akaendelea na kazi. Speke akachukua kisu kidogo akamchokonoa mdudu na sikio kwa pamoja. Mdudu alikufa, lakini sikio likatunga usaha, uso ukavimba, upande ule akawa kiziwi, na vipande vya mbawakawa vikawa vinatoka kidogokidogo kwa zaidi ya miezi sita. Akipenga kamasi, sikio linapiga mluzi. Na jahazi lenyewe alirudi bila.

Kinachomuudhi Mshauri ni ile chumvi. Msafara ulikuwa umetoka kupita Uvinza, ambako watu walichemsha chumvi kutoka kwenye chemchemi karne nyingi kabla ya bwana yeyote wa London kulisikia ziwa hili. Kupita Uvinza ukafika ziwani huna chumvi ni sawa na kupita Tabora ukakosa asali. Mshauri hubeba kilo tano kila safari, ingawa mpaka leo hajapata wa kumtilia sikioni.

Basi, tiba. Mdudu hai akiingia sikioni, kichwa kilazwe upande na yatiwe matone machache ya mafuta ya kula yaliyo vuguvugu, mdudu atatulia. Asichokonolewe kwa kisu, njiti wala ufunguo wa pikipiki, na kukicha mtu aende hospitali akatolewe. Sikio lililotoboka au linalotoka usaha lisitiwe chochote. Hiyo ndiyo tiba ya watu wa kawaida. Tiba ya Mshauri ni kuning'iniza karabai kubwa mbele ya hema la shemeji, hatua arobaini kutoka la familia, kisha kuzima taa zote za huku. Wadudu watakwenda kwa shemeji. Kama shemeji naye atahamia huku, lawama zisiletwe kwenye safu hii.

Nusura isahaulike: katika safari hiyo ya Speke alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye baadaye alisafiri pia na Stanley na Cameron. Yeye na wapiga makasia walinyeshewa na mvua ileile. Hawakuandika vitabu, ndiyo maana masikio yao hayamo kwenye historia, na Mshauri anaiona hiyo kuwa dosari kubwa kuliko mbawakawa.

Mwalimu mstaafu wa Urambo anataka kujua hema lipigwe hatua ngapi kutoka kwenye maji.

Mwalimu anauliza swali ambalo ziwa lenyewe halijalijibu. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871 (akamfungulia shampeni aliyoibeba njia yote kutoka pwani, na huo ndio upangaji wa mizigo anaouelewa Mshauri), mlango wa Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuyapeleka Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji yalikuwa yakipanda. Mnamo 1878 kizuizi kilipasuka. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Ndiyo sababu mnara wa kumbukumbu ya wawili hao, chini ya miembe ya Ujiji, leo uko mbali na maji, na mgeni anayefika na taulo begani hupigwa na butwaa. Halafu miaka hii ya karibuni maji yakapanda tena, yakawatoa watu majumbani mwao Bujumbura na Uvira. Kwa hiyo mwalimu asihesabu hatua. Atafute ule mstari wa majani makavu na takataka ulioachwa na mawimbi, apande juu yake kwa kutosha, na akae mbali na mlango wa kijito, maana mvua ya milimani hushuka usiku bila kupiga hodi. Vigingi havishiki mchangani: kamba zifungwe kwenye viroba vilivyojazwa mchanga, vizikwe kina cha mkono. Mshauri aliwahi kutumia begi la shemeji badala ya kiroba. Begi lilishika vizuri sana, na linashika mpaka leo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka lilizikwa wapi. Na wajukuu wasioge kwenye maji yaliyotulia penye matete, huko ndiko makazi ya konokono wa kichocho.

Binti wa Tabora mjini anaandika kwamba nyani walivamia kambi, mchumba wake akakimbia, akamwachia yeye sufuria. Je, aolewe naye?

Swali zuri. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alishuka kwenye mchanga wa Gombe pamoja na mama yake, Vanne. Mama na mwana wakalala hema moja. Nyani walikuja kuwapekua, malaria ikawalaza wote wawili, na bado hawakufungasha. Kazi iliyoanzia kwenye hema lile ikaifanya Gombe, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ijulikane dunia nzima kwa sokwe wake. Nyani hawajabadilika: mgeni wa Gombe bado huambiwa afunge mlango na asile nje. Mshauri mwenyewe aliporwa mswada wa safu hii na dume moja kubwa, likapanda nao mtini, likaurudisha baada ya nusu saa. Mshauri anaamini liliusoma hadi mwisho, kwa sababu ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa na alama za meno. Chandarua kiwe cha kwanza kufungashwa. Kuhusu ndoa, nafasi imekwisha.

Kijana wa Kaliua amechukizwa na harufu ya dagaa na kelele za wavuvi usiku kucha, anataka arudishiwe nauli.

Na arudi kwao, abaki na tumbaku yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta juu. Mbalamwezi ikikamilika wavuvi hupumzika. Kwa hiyo anayetaka kimya atazame mwezi kabla ya kukata tiketi. Anayetaka miezi ya kiangazi ajue pia kwamba mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lakini mtu aliyeketi mchangani, mvua imekatika ghafla, hewa imeoshwa mpaka milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, taa za mitumbwi zimewaka moja moja kama mji uliojengwa juu ya maji, na mbele yake kuna mgebuka wa kuchoma, dagaa waliokaangwa kwa mawese na ugali wa muhogo wenye moshi kidogo kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, huyo akidai nauli anastahili kupelekwa kwa wazee. Mshauri ameyaona yote hayo kwa macho yake, akiwa dirishani, ghorofa ya pili, kwenye gesti moja ya Mwanga ambayo chai ya asubuhi imo ndani ya bei.

Sentensi hiyo ya mwisho mhariri alitakiwa aiondoe.

Mama wa Sikonge: hema limelala kwenye maji siku mbili, linanuka, alitupe?

Meli Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, karibu na mlango wa Malagarasi, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria ikiitwa Liemba. Mama aanike hema.