Kifuta Jasho cha Sambusa

Ukishuka Bomang'ombe, barabara kuu ya Moshi na Arusha, hupigi hatua tatu kabla bodaboda hajakuuliza, "Chemka?" Mwandishi wa makala hii aliitikia. Mkononi alikuwa na mfuko wa sambusa sita na maparachichi mawili. Kichwani alikuwa na kiburi cha mtu aliyekulia mlimani. Maji ya Kilimanjaro ni ya kwao, nani wa kumbabaisha?

Walifika Rundugai wamepakwa vumbi la kutosha kupiga lipu nyumba. "Mama, huo mfuko ushike kama mtoto mchanga," dereva alimwambia. Mama alicheka, akautundika kwenye tawi la mkuyu, akaingia majini.

Jina la chemchemi hii ya Chemka linatisha bure. Maji yake ni ya vuguvugu tu. Mvua inayonyesha juu mlimani hunywewa na miamba ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikaibukia huku tambarare ikiwa safi kiasi kwamba unaona kokoto zilizolala chini. Unaona pia samaki wadogo wakija kundi zima kukudonoa miguu. Ziko nchi ambazo watu hulipia huduma hiyo saluni. Mwandishi, ambaye magaga yake yaliwavutia samaki kuliko ya mtu mwingine yeyote siku hiyo, alipiga yowe lililowatoa watalii wawili majini mbio wakidhani ni mamba.

Alipoinua macho kuomba radhi, aliona tumbili juu ya mkuyu. Sambusa ya kwanza ilikuwa imeshaliwa. Ya pili ilikuwa inakaguliwa kwa utulivu, kama mzigo wa mpakani.

Kanada wangemwelewa mwandishi aliyeporwa na mnyama. Huko wanaokaa karibu na mabwawa wanasumbuliwa na biva, mnyama wa jamii ya panya mwenye meno ya rangi ya chungwa, maana yana madini ya chuma. Biva hukata miti kwa meno hayo, huziba kijito kwa magogo na matope, na asubuhi mwenye nyumba anakuta bustani yake imekuwa ziwa. Katika jimbo la Alberta kuna bwawa la biva lenye urefu wa zaidi ya mita 700, lililojengwa bila mkandarasi wala zabuni.

Kilimanjaro hakuna biva; ukilitaja jina hilo sokoni watadhani unaulizia ndizi. Kazi yake waliifanya Wachagga wenyewe. Kwa karne kadhaa wamekinga vijito kwa mawe, magogo na migomba, wakachimba mifongo ya kuyapeleka maji shambani, kila ukoo na zamu yake. Kisha miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea maji ya mto Kikuletwa, yakiwemo haya haya ya Chemka, na kuzalisha umeme wa megawati 8.

Wanyama hawakushika jembe hata siku moja, ila kwenye kufaidi wako mstari wa mbele. Nyumba ya Mungu wavuvi wanafuata perege, na viboko na mamba wako humo humo. Kiboko hushinda majini kama mstaafu, jua likizama anatoka kwenda kula nyasi, na akikutana na mahindi hapo katikati haulizi ni ya nani. Kenge naye hupenda kingo za maji, na mayai ya kuku kwake ni sawa na mayai ya mamba. Waliosema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo huenda walikuwa wafugaji wa kuku.

Serikali inalijua tatizo hili. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Viwango vya mazao vilianzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na shamba lililo mbali zaidi na mpaka wa hifadhi lilipata zaidi.

Mwandishi, akiwa ameketi kwenye mzizi wa mkuyu na njaa yake, alianza kupiga hesabu. Sambusa sita ni ekari ngapi? Umbali kutoka mpaka wa hifadhi upimwe hadi kwenye tawi au hadi kwenye mdomo wa tumbili? Na magaga, yanaingia kwenye jasho au kwenye machozi?

"Tumbili hayumo kwenye orodha, mama," dereva alimkatiza. "Angekuwa kiboko tungeongea."

Kutoka juu lilidondoka ganda la parachichi, limekombwa likabaki kama kijiko.

Jioni, stendi ya Bomang'ombe, alinunua sambusa nyingine sita. Safari hii alizifunika kwa kitenge, akazipakata kifuani kwa mikono miwili, akapanda daladala ya Moshi. Bibi wa kiti cha jirani alimsogelea, akashusha sauti.

"Hongera, mwanangu. Ana miezi mingapi?"