Namna ya Kuwa Bingwa wa Vitabu Ambavyo Kijiwe Kizima Hakijavisoma

Kila kijiwe cha kahawa kuanzia Mwanga hadi Ujiji kina bingwa wake wa mpira, bingwa wa siasa na bingwa wa bei ya dagaa. Nafasi hizo zimejaa, na wenye nazo hawaachii. Kijana anayetaka kuheshimiwa kabla ya kuota mvi amebakiwa na nafasi moja tu: ubingwa wa vitabu vya kuchagua njia, vile ambavyo msomaji mwenyewe ndiye shujaa, anapambana na mazimwi kwa dadu mbili, penseli na kifutio. Fuata mwongozo huu utafika. Haudai akili nyingi, na kusoma hautakulazimisha.

Hatua ya 1: Ujue mchezo, lakini juujuu

Kitabu cha aina hii hakisomwi moja kwa moja. Kimekatwa vipande vyenye namba, na kila kipande kinakuachia uamuzi. Kingeandikiwa Kibirizi kingekwenda hivi: boti ya Gombe imeanza kuingiza maji. Ukitaka kuyachota kwa kopo, nenda namba 112. Ukitaka kumshawishi mwenye magunia ya mihogo ayatupe ziwani, nenda namba 37. Ukienda 37 unakuta mwenye magunia ni pande la mtu, mnarusha dadu, na nguvu zako zinaanza kupungua.

Kariri hesabu. Ustadi wako ni dadu moja ukijumlisha 6. Nguvu ni dadu mbili ukijumlisha 12. Bahati ni dadu moja ukijumlisha 6. Una akiba ya milo 10, na kila mlo unakurudishia pointi 4 za nguvu. Mtu akikuuliza hadithi yenyewe inahusu nini, rudia hesabu hizo kwa sauti ya juu zaidi.

Hatua ya 2: Chagua kitabu kilicho mbali

Anza na The Warlock of Firetop Mountain, kilichotolewa na Puffin huko Uingereza mwaka 1982, chenye vipande 400. Waandishi ni Steve Jackson na Ian Livingstone, ambao mwaka 1975 walikuwa wameanzisha kampuni ya Games Workshop pamoja na John Peake. Nondo ya kushusha hapa ni kwamba waligawana kazi: ndani ya mlima kuna mto, Livingstone akaandika safari hadi mtoni, Jackson akaandika kuanzia mtoni kwenda mbele.

Itamke taratibu, kisha nyamaza. Hakuna atakayebisha, maana hakuna aliyekiona. Hii ndiyo kanuni mama ya fani yetu: nondo nzuri ni ile ambayo aliyekaa karibu nawe hana pa kuihakiki. Hatua zote zinazofuata ni matawi ya kanuni hiyo.

Hatua ya 3: Jihadhari na jina la Livingstone

Mahali pengine popote duniani jina hilo halina madhara. Ujiji lina wenyewe. Ukisema Livingstone amepewa heshima ya usir mwaka 2022, mzee aliyekuwa anasinzia atafumbua jicho moja na kukukumbusha kwamba Livingstone alifariki 1873, akapasuliwa moyo ukazikwa chini ya mti, na mwili ukabebwa na akina Chuma na Susi hadi pwani. Sema haraka, "Huyu ni Ian, mzee wangu, yule ni David," kisha uhame mada.

Usikubali kamwe kuingizwa kwenye ubishi wa tarehe. Bamba la pale kwenye kumbukumbu linasema Stanley alikutana naye chini ya mwembe tarehe 10 Novemba 1871. Hesabu za Livingstone mwenyewe zinaangukia Oktoba, kwa kuwa maradhi na safari vilikuwa vimemvurugia siku. Na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano ule zilichanwa. Ni kisa kitamu, kina fumbo, kina ushahidi uliopotea, lakini bamba lipo umbali wa kutembea kwa miguu. Mtu akisema "twende tukaangalie," umekwisha. Ukiona wameanza kuvaa kandambili, nenda hatua ya 8.

Hatua ya 4: Tega mtego wa Jackson wawili

Mtego huu haujawahi kumwangusha mtegaji. Subiri mfuasi wako wa kwanza akariri majina ya hatua ya 2. Kisha muulize, kwa upole wa mwalimu anayesimamia mtihani: mwaka 1984, katika mfululizo uleule, kilitoka Scorpion Swamp kilichoandikwa na Steve Jackson. Je, ni yule wa mlima?

Atajibu ndiyo. Usikimbilie kumsahihisha. Vuta funda la kahawa, ng'ata kashata, tafuna mpaka karanga ya mwisho, zungusha kikombe watu waone masimbi yaliyobaki chini. Hapo ndipo useme: "Hapana, kaka. Huyo ni Steve Jackson mwingine. Mmarekani." Ni kweli tupu. Watu wawili, jina moja, mfululizo mmoja. Kwa swali hilo pekee unaweza kuishi kijiweni mwaka mzima bila kufungua kitabu chochote.

Hatua ya 5: Tetea kidole

Kila msomaji wa vitabu hivi huweka kidole kwenye ukurasa alikotoka, ili akiuawa na zimwi arudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanyoofu huona ni wizi. Wewe sema ni utafiti, na utoe ushahidi wa Inside UFO 54-40 cha Edward Packard, katika mfululizo wa Choose Your Own Adventure, mwaka 1982. Humo mnatafutwa pepo iitwayo Ultima. Ukurasa wake upo, umeandikwa na umechorwa, lakini hakuna uamuzi hata mmoja unaokufikisha huko. Anayefika ni yule tu aliyepuuza njia zote akafunua kurasa ovyo.

Mwandishi alikusudia fumbo. Wewe lichukue kama katiba: kuna watu wamefika peponi bila kusafiri, nawe ni mmoja wao.

Hatua ya 6: Usiguse visa vya ziwani

Kishawishi kitakuja, hasa jioni, meli zikionekana bandarini. Utataka kusimulia ile iliyoundwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa Kigoma na kuungwa upya, ikaelea 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakazipaka injini zake grisi nzito, kama mwenye duka anayefunga kwenda kuswali na kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaingia kazini tena kwa jina la Liemba.

Utataka kuongeza zile boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Kongo, zikakokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikarudi majini na relini tena, ili zije kupigana kwenye ziwa hili. Kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, alitembea kambini akiwa amevaa sketi. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 waliiteka boti ya Wajerumani, Kingani, wakaipa jina la Fifi. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Acha. Ni kweli kwamba kisa hiki kinamshinda zimwi yeyote wa mlimani, na mhariri wa vitabu vya njozi angekirudisha akisema mwandishi amezidisha chumvi. Lakini hapa kila mtu ana babu. Ukisema Liemba ilizamishwa kwa mizinga, atainuka mmoja ambaye baba yake alifanya kazi bandarini, na atakusahihisha kuanzia grisi hadi mchanga uliotiwa ndani ili ishuke. Utatoka umejifunza mengi, na bingwa hapaswi kuonekana anajifunza.

Hatua ya 7: Mkane Joram Kiango

Kwa sababu hiyohiyo, usimtaje Ben Mtobwa. Ni mzaliwa wa mkoa huuhuu wa Kigoma, na alifariki 2008. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na ndiye aliyemleta duniani Joram Kiango, pamoja na Nuru na Inspekta Kombora, katika Salamu Toka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu? Ukimtaja yeye, watamtaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetumwa Nairobi katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ukimtaja Gamba, mtu wa pwani atakuja na Bwana Msa na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, 1960.

Tatizo la vitabu hivi ni kwamba vimesomwa. Vilisomwa bwenini kwa kibatari, vikaazimwa mpaka majalada yakabanduka, vikafungwa kwa gazeti, vikaazimwa tena. Huwezi kujua nani alikuwa bweni lile. Mama anayepita na dumu la mawese anaweza kusimama, akalitua, akakusikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza: "Mwanangu, hicho umekisoma au umesimuliwa?"

Swali hilo halina dadu. Nenda hatua ya 8.

Hatua ya 8: Ukibanwa

Jibu la kwanza: "Mimi nina toleo la zamani." Linafaa kwa kila kitabu na kila kosa, kwa sababu toleo la zamani daima lina kile unachosema. Jibu la pili: "Kwani wewe unaonaje?" Muulizaji akianza kueleza, itikia kwa kichwa kana kwamba unamsahihishia mtihani, na kesho uyatumie maneno yake kwenye kijiwe cha Katonga. Jibu la tatu ni simu. Iweke sikioni, sema "shikamoo mama," inuka. Hakuna Mtanzania atakayemzuia mtu anayezungumza na mama yake, hata kama simu ilizimika chaji tangu adhuhuri.

Hatua ya 9: Usiazimishe

Mabingwa wengi walioanguka walianguka hapa. Binti wa kidato cha pili atakuja kijiweni kumfuata babu yake, atakusikia, na atasema: "Shikamoo kaka. Naomba niazime hicho kitabu." Jibu ni moja: kipo kwa mtu. Akiuliza mtu gani, yuko Kasulu. Akisema ana shangazi Kasulu, basi amehamia Uvinza.

Na umfiche kabisa habari ya Joe Dever, Mwingereza aliyeandika mfululizo wa Lone Wolf kuanzia 1984. Yeye aliwaruhusu wapenzi wake waviweke vitabu vyake kwenye intaneti, watu wavisome bure na kihalali. Binti akijua kwamba simu ya babu inatosha, kazi yako yote itakwenda na maji.

Maana atasoma. Atauawa kipande cha saba, atacheka, ataanza upya. Hataweka kidole. Baada ya wiki atakuwa anajua kinavyokwisha, jambo ambalo wewe hujawahi kulijua, na atafungua daftari la mistari na kuanza kuandika chake: Liemba, makasha 5,000, Mitumba, kamanda mwenye sketi, ukitaka kukata kamba nenda namba 64. Wenzake watamnyang'anya kabla wino haujakauka. Kijiwe kitajaa watu wanaokagua, wanaobishana wakiwa na kitabu mkononi, wanaoambiana "tuangalie." Mahali kama hapo hapana kazi ya bingwa. Watakachokutaka ni usogee kidogo, maana umekalia dadu zao.