Maombi ya kujiunga na chuo ambacho hakijajengwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Kutoka Butembo, naomba nafasi moja kwa binti yangu katika chuo cha serikali cha sanaa, usanifu majengo na uhandisi, chenye mchujo mkali na kisichotoza hata faranga moja. Najua chuo hicho hakipo. Lakini nchini mwetu kutokuwepo kwa kitu hakujawahi kumzuia mtu kukifungulia dosie, na mimi nimeona heri niwahi foleni.

Subira tunayo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kilisema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Utekelezaji ukaanza Septemba 2019. Ikiwa shule ya msingi ilisubiri miaka 13, kwa chuo kikuu, ambacho kifungu hicho hakikukiahidi, nimeanza kupiga hesabu za wajukuu.

Dosie imekamilika: cheti cha kuzaliwa, cha uraia, cha afya, cha tabia njema, fotokopi ya diploma ya serikali na picha ndogo. Kila karatasi ina ofisi yake, kila ofisi ina muhuri wake, na kila muhuri una mwenyewe anayesubiri mshahara. Kuomba tu chuo cha bure kumeshakula mbuzi wangu.

Usidhani naota, Mheshimiwa. Mwaka 1859, huko New York, Peter Cooper, mwenye kiwanda cha gundi ambaye hakukaa darasani hata mwaka mzima, alifungua chuo cha namna hii, kinaitwa Cooper Union. Kwa zaidi ya miaka 100 wanafunzi wake hawakulipa karo. Kilichopimwa ni kipaji. Waombaji wa sanaa na usanifu hupewa mtihani wa kufanyia nyumbani. Kisha chuo kikakopa dola milioni 175, kikajenga jumba la kupendeza, hesabu zikagoma, na kuanzia 2014 wapya wakatakiwa kulipa. Balaa hilo kwetu haliwezekani. Nani atatukopesha?

Kwa kuwa Wizara ina kazi nyingi, mtihani wa nyumbani nimeutunga mwenyewe. Swali la kwanza ni chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mwombaji aichore ikishuka mlima na magunia ya viazi: fremu ya mkaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa kipande cha tairi, na ile breki ya nyuma, ulimi wa mpira ambao dereva anaukanyaga kwa mguu. Aeleze kwa hesabu kwa nini mzigo haumpiti dereva. Aliyeitengeneza hatafanya mtihani huu, kwa sababu hana cheti cha tabia njema.

Swali la pili ni la nyumba. Chora vyumba viwili vitakavyowalaza wenyeji na jamaa waliokimbia kutoka upande wa Mbau au Oicha, huko Beni, bila kujua watakaa wiki moja au miaka mitano. Onyesha choo. Onyesha mahali ambapo mtoto wa mtihani wa serikali atasomea. Watu wa Beni wanalijibu swali hili tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza, na hakuna aliyewapa hata karatasi ya kuchorea. Naomba msahihishaji wa swali hili atoke Kinshasa na alale humo.

Kuhusu bure, Mheshimiwa, hapa tuna uzoefu, ila inakwenda upande mmoja. Graben, chuo kikuu chetu, kilianzishwa mwaka 1989 na jimbo la Kanisa chini ya Askofu Emmanuel Kataliko. Barabara za serikali, wafanyabiashara wamechangishana kuzitengeneza. Salongo, kazi ya pamoja ya bure, tunafanya kwa jembe letu wenyewe. Naomba tu nasi tupokee kidogo.

Utaniambia chuo cha sanaa na cha usanifu vipo, viko Kinshasa. Ni kweli. Akademia ya Sanaa ilizaliwa mwaka 1943 pale Gombe-Matadi, kwa mkono wa Bruda Marc-Stanislas, kabla ya kuhamia mjini. Lakini kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa angani, na angani ndiko njia iliko. Tiketi ya ndege ni mtihani wa kuingia ambao watoto wengi hapa wanaufeli wakiwa bado kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi.

Utaniambia pia majengo hayapo. Hapo nakukumbusha kwa heshima kwamba Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, serikali nzima ya mkoa ilikuja Beni na kuanza kazi. Haikufanya mtihani wa kuingia wala kungoja jumba. Mabenchi ishirini na ubao vitashindwaje kufuata?

Binti yangu alisoma opsheni ya ujenzi. Alipofaulu mtihani wa serikali, mtaa mzima ulimmwagia poda. Sasa anawachorea mageti mafundi wa kuchomelea, na wanamlipa soda. Geti lake moja lina tausi ambaye mkia wake ndio komeo. Ukilipita hapa Kimemi utalijua.

Michoro yake nimeiambatisha, nakala halisi. Kama kuna ada ya kusoma maombi haya, naomba itajwe mapema, na risiti iandikwe kwa jina la chuo.

Wako mtiifu,
Mzazi, komine ya Kimemi, Butembo