Mjerumani au Mswidi?

Wapasua mbao wa Mafinga wakibishana kuhusu misumeno ya mnyororo, Simba na Yanga hawaoni ndani. Huyu anaapa kwa Stihl, Mjerumani wa mwaka 1926. Yule kwa Husqvarna, Mswidi aliyeanza na bunduki mwaka 1689. Hoja zao kali, minyororo yao butu. Tupa ya kunolea haijulikani iliko, mnyororo unalainishwa kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori, na petroli inachanganywa kwa macho, ingawa kitabu cha mashine kinasema sehemu 50 kwa moja ya oili. Chujio la hewa nalo limeziba kwa vumbi la mbao. Injini ikinoki, hukumu ni moja: kampuni ibadilishwe, mwendeshaji abaki.