Chakula Chepesi cha Mama Mkwe

Huku nilikoolewa, Masama, juu ya Kwa Sadala, hakuna kitu kinachoitwa chakula chepesi. Kuna chakula, na kuna kumdharau mgeni. Kwa hiyo watoto wa Dar walipopanda Desemba na habari kwamba mwaka huu hatutashinda nyumbani tukisalimia wazee tu, tunakwenda kupiga kambi na kulala kwenye mahema, mama mkwe hakuuliza habari ya nyoka wala mbu. Aliuliza, "Na mtori atapika nani?"

Wifi yangu, mwenye wazo lake, alikuwa na orodha kwenye simu. Tambi na nyanya ya kopo. Mkate na soseji. Mayai. Viazi vya kufunga kwenye foili na kufukia kwenye makaa. Mimi mtu wa Tanga niliiona orodha ya maana, ukiacha zile soseji, maana jua la Rundugai, kulikopangwa kambi, halina huruma na nyama isiyo na friji. Mama aliisikiliza yote akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni, kisha akasema, "Hayo ni ya kutafuna njiani. Sasa niambieni tutakula nini."

Mvutano ulichukua jioni nzima. Mwishowe Mama akalegeza: mtori basi, kwa kuwa nyama itaharibika. Tutapika kiburu. Ndizi na maharage tu, hakuna nyama, hakuna mbwembwe, chakula rahisi kama tulivyotaka. Nilipendekeza maharage tuyachemshe nyumbani usiku ule ule, kule tukapashe tu. Pendekezo la mkwe kutoka Tanga lilipokewa kwa heshima, likawekwa pembeni.

Safari yenyewe ni fupi. Tulikuwa tunakwenda Chemka, kwenye chemchemi za Kikuletwa ambazo wengi huziita Maji Moto. Unashuka Masama kwenye migomba na kahawa hadi barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwa Sadala, unaelekea Boma Ng'ombe, unaingia njia ya vumbi, na muda si mrefu kijani chote kimeisha, umebaki na miiba na mbuzi. Ni fupi kama huna mama mkwe ndani ya gari. Sokoni Kwa Sadala alishuka "kuchukua kandizi kidogo."

Mwanamke aliyekulia kwenye migomba hanunui ndizi kwa macho. Alipita kwenye mikungu mmoja mmoja, akavunja ncha ya kidole cha ndizi na kungoja. Utomvu ukitoka haraka na kudondoka, mkungu umekatwa asubuhi. Ukijikongoja, alikuwa akimtazama muuzaji bila kusema neno, na muuzaji mwenyewe anaanza kushusha bei. Alichukua mshare kwa ajili ya kiburu, akachukua mzuzu wa kuchoma, akaongeza maparachichi "ya watoto", na hema moja likahamishwa kutoka kwenye buti hadi mapajani mwangu.

Shemeji yangu mdogo aliyatazama yote hayo akitikisa kichwa. Yeye ni mpishi wa mlimani, kazi yake ni kuwapikia wageni wanaopanda Kilimanjaro. "Mama," alisema, "mgumu mmoja, mbeba mizigo wetu, haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mzigo wa msafara, na getini unapimwa. Wewe ungerudishwa na ndizi zako." Mama akamjibu kwamba ndiyo maana hao wageni wanarudi wamekonda.

Watoto walidhani tumebahatika: tuna fundi kambini. Huyu ni mtu anayeoka keki ya siku ya kuzaliwa ndani ya sufuria, juu ya jiko la gesi, mahali ambapo upepo unataka kuondoka na hema. Anajua kwamba mtu akifika juu hamu ya kula hukata, hivyo mgeni hubembelezwa kwa supu, uji na bisi za jioni na chai, wakati wagumu wenyewe wanakata ugali wa kushiba. Lakini tulipofika Chemka na kusimika mahema, alitandika mkeka chini ya mti, akavua viatu. "Mimi niko likizo," alisema. Kutoka pale mkekani alitoa ushauri mpaka jua likazama.

Kazi ya kumenya ikatuangukia wanawake, kama ilivyoandikwa tangu zamani na mtu asiyemenya. Ukimenya mshare bila kupaka mafuta mikononi, utomvu unakung'ang'ania, na kufikia ndizi ya kumi vidole vimeshakuwa vyeusi na vinanata hadi kwenye nywele unazojaribu kuziondoa usoni. Binti mmoja wa Dar alikuwa ametoka saluni, kucha nyeupe pe. Alimenya huku amenyoosha mikono mbali na mwili, akasimama kujibu simu, na simu ikakataa kutoka mkononi. Zile kucha zilirudi Dar na rangi ya masizi.

Wakati huo wavulana walikuwa na mradi wao. Mmoja alishaona video ya wageni wakichemsha mayai kwenye chemchemi za Ziwa Bogoria, Kenya, na hilo ni kweli kabisa, hata kule Sempaya upande wa Uganda watu hufanya hivyo, maana maji yanatoka ardhini yakitokota. Basi nao wakatia mayai yetu yote kwenye mfuko wa wavu, wakaufunga kwenye mzizi, wakauzamisha. Maji ya Chemka ni mazuri ajabu, ya buluu, unaona hadi chini, na visamaki vinakudonoa miguu. Ila moto wake ni wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Baada ya muda mrefu wa kuogelea waliutoa mfuko, mkubwa wao akagonga yai kwenye goti kwa kujiamini. Lilishuka lote hadi kwenye kifundo cha mguu. Shemeji, bila kuinuka, akaagiza kwamba mengine yakaangwe.

Maharage yaliwekwa motoni mapema, kabla hata hatujatia ndizi maji. Yakachemka. Yakaendelea kuchemka. Kila nikibonyeza punje kati ya vidole, inanirukia. Magadi, ambayo yangesaidia, yalikuwa yamebaki Masama juu ya kabati. Shemeji akaeleza kwamba kule mlimani, kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, hivyo maharage makavu unaweza kuyakokea hadi gesi iishe na yasilainike, ndiyo maana wao hawahangaiki nayo. "Lakini hapa tuko tambarare," akamalizia, "mlima hauhusiki." Kimya kikafuata. Wote tulijua yale maharage yalitoka kwenye debe la Mama la stoo, na kwamba debe lile lina umri. Hakuna aliyekuwa tayari kulitaja.

Njaa haina adabu, kwa hiyo tukaanza na mzuzu. Unaumenya, unaulaza juu ya makaa yasiyo na ndimi, unaugeuza hadi upate ngozi ya kahawia inayopasuka, unautia chumvi na pilipili, pembeni parachichi lililopondwa na ndimu. Hakuna sufuria, hakuna sahani, hakuna cha kuosha. Kwa maoni yangu hiki ndicho chakula cha kambi, kilikuwa kinasubiri pale Kwa Sadala muda wote, na orodha ya kwenye simu haikukitaja. Tambi za wifi ziliiva pia, zikashikana kuwa kitu kimoja ambacho ilibidi kukatwa kwa kisu. Viazi vya foili vilitoka vyeusi nje na vibichi ndani. Tukala hivyo hivyo, na mayai ya kukaanga, tukashiba, watoto wakalala.

Saa tano usiku nilisikia hema langu likitikiswa.

"Mama fulani," ilisema sauti ya mama mkwe, "amka. Yameiva."

Alikuwa amekesha na moto wake peke yake, khanga mabegani, ametia ndizi, amefunika, ameivisha. Alizunguka hema kwa hema na tochi. Wakatoka wote, wengine na mashuka, binti wa kucha akiwa amefumba jicho moja. Aliyenyoosha sahani wa kwanza ni mtu wa likizo.

"Unaona?" Mama aliniambia, akinipakulia mlima. "Rahisi tu."

"Rahisi, Mama," nikasema, nikaomba na pilipili.