Jinsi ya Kumkaribisha Mteja Asiyeona na Kumwacha Mlangoni

Vuta kiti, ndugu yangu. Una kampuni Kyela mjini: unauza mchele, unakusanya kakao, na una vyumba sita vya wageni kule Matema, mchangani kabisa. Sasa una tovuti pia. Juzi kwenye semina Mbeya ukasikia kwamba tovuti ya kampuni inatakiwa itumike na watu wenye ulemavu pia. Ukatikisa kichwa kwa huruma kama wenzako, ukala wali, ukasaini posho, na tangu hapo usingizi hauji vizuri.

Lala. Nimeshawashika mkono wengi. Tutaifanya ionekane rafiki kwa kila mtu, na wewe hutabadilisha kitu.

1. Anza na kibandiko. Chini ya ukurasa wa kwanza weka ile alama ya buluu ya mtu kwenye kitimwendo, na kando yake, kwa herufi kubwa za buluu: TOVUTI HII NI RAFIKI KWA WOTE. Mwenye kitimwendo huenda ndiye ambaye tovuti yako haimsumbui kabisa, maana kinachomsumbua ni zile ngazi tatu za ofisi yako, lakini alama inapendeza. Akitokea mtu wa kuuliza nani aliyepima huo urafiki, mkumbushe magunia ya Dar es Salaam. Kila mchele kule ni wa Kyela, hata ule ambao haujawahi kuliona Ziwa Nyasa. Umewahi kusikia mnunuzi akidai punje ionyeshe cheti cha kuzaliwa?

2. Weka kila kitu ndani ya picha. Hapa tukae kidogo, maana ndipo ustadi wenyewe ulipo.

Yupo mwalimu mstaafu kule Ipinda, haoni, lakini simu anaitumia kukushinda wewe. Simu yake inasema: akipitisha kidole kwenye skrini, programu inamsomea kilicho chini ya kidole. Wala hakuinunua, imo ndani ya simu nyingi za siku hizi. Hata ya kompyuta ipo ya bure, NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia ambaye naye haoni. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mteja huyu hana vifaa. Anavyo. Kazi yetu ni kuhakikisha havina cha kusoma.

Chukua lile tangazo lako la WhatsApp lenye bei ya mchele kwa kilo, bei ya chumba, namba ya simu, na picha yako umeshika suke la mpunga. Lipachike zima zima kama picha. Kwa kawaida programu haisomi picha. Inasoma maelezo ambayo fundi ameandika nyuma yake, na fundi wako hakuandika, kwa sababu hukumlipa. Mwalimu ataweka kidole juu ya bei na simu itamwambia: "Picha. Ai em ji, sifuri sifuri arobaini na saba." Atasogeza kidole kwenye namba yako ya simu: "Picha. Ai em ji, sifuri sifuri arobaini na saba." Ni picha ile ile, bwana.

Fundi akikazana kwamba lazima kila picha iwe na maelezo, mkubalie kwa moyo mweupe, halafu mwambie aandike "picha" kwenye zote arobaini.

3. Usiguse lugha. Fundi alinunua kiolezo cha tovuti kutoka ng'ambo, na ndani yake, mahali ambapo macho hayafiki, imeandikwa kwamba ukurasa huu ni wa Kiingereza. Acha hivyo hivyo. Simu ya mwalimu itatii: itasoma Kiswahili chako kwa mdomo wa London. "Nane" itatoka "nein". "Wote" itatoka "wout". Bei ya chumba itasikika kama mzungu aliyeumwa nyuki ulimini. Tiba yake ni kufuta herufi mbili, en, na kuandika sw, jambo la nusu dakika. Ndiyo maana nakuomba usimruhusu fundi aifanye: akimaliza kwa nusu dakika utamlipaje?

4. Chagua kijivu. Maandishi ya kijivu chepesi juu ya nyeupe, kama ukungu wa asubuhi juu ya Milima ya Livingstone. Wageni wa mjini watasema una ladha. Kuna wataalamu wa muungano wa W3C wanaoandika miongozo ya mambo haya tangu mwaka 1999, toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023, na wao wanataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kuipima ni bure, mtandaoni, kwa sekunde chache. Usipime. Mtu akipima, anajua, na mtu akijua inabidi arekebishe.

5. Kwenye fomu ya kuagiza, weka mtihani. Mteja athibitishe kuwa si roboti kwa kuchagua picha zote zenye bomba la zimamoto la mtaani, kama yale ya Marekani. Mwalimu hataziona, na mwenye macho mazima wa Ngonga hajui hilo bomba linafananaje, kwa hiyo hapa kweli umetenda usawa.

6. Video ya mkurugenzi. Dakika nne, umesimama bandarini Itungi, meli nyuma yako, upepo unavuma, unaeleza ubora wa kakao. Maandishi chini usiweke. Kiziwi ataona mdomo ukicheza na mkono ukielekeza ziwani, atadhani unauza meli.

7. Jiandae kwa malalamiko. Yatakuja, maana Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti kwa jina. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Anayelalamika akizijua hizi, usibishane naye. Mpe makadirio.

Hapo waige wakubwa. Mwaka 1999, Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney haisomeki kwa vifaa vyake: picha hazina maelezo, majedwali ya matokeo hayaeleweki. Waandaaji hawakusema hawataki. Walisema kazi ya kuirekebisha ingemchukua mtu mmoja siku 368. Nakuomba uitazame vizuri hiyo namba: si mwaka, ni mwaka na siku tatu. Huyo ndiye mtaalamu. Bahati mbaya tume ya haki za binadamu haikuamini, na mwaka 2000 wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Lakini Michezo ilifanyika, watu wakakimbia, na wewe fomu yako ya mchele si Olimpiki.

Makadirio yakishindwa, nunua kiraka. Zipo kampuni zinazouza kitufe cha kubandika pembeni mwa tovuti, eti kinarekebisha kila kitu chenyewe kwa akili mnemba. Mojawapo, accessiBe, mwaka 2025 ilitakiwa na Tume ya Biashara ya Marekani kulipa dola milioni moja kwa kudai kitufe chake kinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize miongozo. Lakini hilo ni lao wauzaji. Wewe mnunuzi umeshapata kitufe, na kinawakawaka.

8. Sasa onyo. Sokoni Kyela kuna mama anauza mchele. Tovuti hana. Kila asubuhi anashika simu anawarekodia wateja wake sauti kwenye WhatsApp: "Ndaga, wapendwa. Mchele mpya leo bei ni hii, wa jana bei ni hii, ule wenye chenga kidogo napunguza, boda anaondoka saa nne." Kisha anaandika maneno yale yale chini ya ile sauti, kwa sababu ana mteja mmoja kiziwi Kasumulu, hatua chache kutoka mpakani. Hajasoma toleo la 2.2 wala la kwanza. Mwalimu wa Ipinda ananunua kwake gunia kila mwezi na hajawahi kuomba mjukuu amsomee kitu. Ukipita mbele ya meza yake, salimia, usisimame. Ushamba unaambukiza.

9. Mwisho, na hili nakwambia wewe tu: usije ukaifungua tovuti yako juani. Mwaka jana nilikuwa Itungi nangoja meli, saa saba mchana, jua la utosini, betri imebaki kidogo na mwanga wa skrini nimeupunguza. Miwani nilikuwa nimeisahau Tukuyu. Nikataka bei ya chumba Matema kwa mteja wangu mmoja, ambaye tovuti yake niliisimamia mwenyewe, na kile kijivu nilikichagua mimi, kwa mkono wangu. Nikaikodolea macho. Nikaikinga kwa kofia. Nikaisogeza mbali, nikaileta karibu na pua. Kando yangu alikuwa kijana anauza usipa, macho makali ya kuona mtumbwi kabla haujatoka majini vizuri. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Akaifuta skrini kwa shati, akaigeuza, akaiinamia.

"Shikamoo mzee, samahani," akasema, "huku juu sioni kitu, ni peupe tu. Ila hapa chini wameandika kubwa, inasomeka: tovuti hii ni rafiki kwa wote."